Maji Yasiyolala Mahali Pake

Goma, Ndosho, tarehe 9 mwezi wa sita

Sylvie mudogo wangu,

Sasa hivi Tuyi ametoka kuvua kiatu chake kimoja na kukitia ndani ya sufuria ya maharagi. Niligeuka tu kuchukua makala ya kuongeza motoni, narudi naona kiatu kinaelea. Ananiangalia bila kucheka, kama mutu aliyemaliza kazi yake. Nikasema wa kwanza kuambiwa ni mama yake mudogo.

Habari ya safari? Mwili ni muzima? Ile basi ya Mombasa ilikufikisha vizuri? Sisi huku tuko, tunashukuru Mungu. Meno yanamusumbua Tuyi, lakini anakula. Bwana yangu Julien bado yuko Walikale kwenye machimbo. Toka mwezi wa tano hajapiga simu, watu wanasema kule hakuna rezo ya simu. Siku hizi nyumba imekuwa kubwa. Zamani nilikuwa nakugombeza juu ya kuimba ukifagia. Sasa nafagia mwenyewe, kimya, na sipendi.

Siku ile jirani Zéphirin alikupakia kwenye moto yake, ile pikipiki, na mufuko wako wa sakado mgongoni, majirani wa parseli yetu waliniuliza unaenda wapi bila kazi, bila mugonjwa wa kuona, bila kilio. Nikawajibu unaenda kuangalia bahari. Bibiche wa nyumba ya pili alicheka mpaka akaweka beseni chini. Anasema maji si haya hapa Kivu, yamejaa bure. Mimi sikucheka. Safari hii tuliiwaza wawili kwenye kitanda kimoja, halafu mimi nikapata mutoto, wewe ukapata miguu. Basi uangalie na sehemu yangu.

Neno moja tu. Padiri ameweka ubatizo wa Tuyi siku ya Asomsio, Kupalizwa kwa Bikira Maria, tarehe 15 mwezi wa nane. Mama wa ubatizo ni wewe, nimekwisha kulisema mbele ya shirika letu la kanisa. Sina ndugu mwingine wa kumupatia mutoto pale kwenye altare. Zunguka, furahi, lakini siku ile uwe hapa.

Naandika kwa simu ya Bibiche, ndiyo maana nasema yote kwa mara moja.

Yaya wako,
Mama Tuyi


Diani, tarehe 20 mwezi wa sita

Yaya,

Nakusalimia sana, wewe na Tuyi na kiatu chake. Nilisoma nikacheka mpaka Muzungu wa kitanda cha juu akaniuliza kama nalia.

Mimi ni muzima, ila mbu wa hapa hawana aibu. Nimepata nyumba ya bei ndogo ya watu wanaotembea na sakado. Tunalala wengi chumba kimoja, kitanda juu ya kitanda, na muchanga unaingia mpaka ndani ya shuka. Jikoni ni moja, kila mutu anaandika jina lake kwenye mukate wake. Lakini makako wa hapa, wale kima, hawajui kusoma. Mukate wangu walikula juu ya paa, wakiniangalia.

Cheka na hii. Maji ya kupikia hapa yanauzwa kwa bidon, dumu kwa dumu. Mimi mutoto wa Goma, ninunue maji na maji yako mbele yangu? Nikabeba bidon, nikachota baharini, nikatereka maharagi. Chumvi nilijua iko, nikajiambia basi sitaongeza ingine. Yaya, hata makako hawakuyataka. Mwenye nyumba, Mama Mwanakombo, alionja kijiko kimoja akauliza, "We mtoto, umetoka nchi gani?"

Asubuhi, jua likitoka ndani ya maji, nakuwa kama mutu aliyesamehewa. Naogelea bure, hakuna anayeniuliza. Mchana ndio muzito. Mbele ya hoteli kubwa Wazungu wa nyumba yetu wanapita tu. Mimi mulinzi alinisimamisha: "Dada, unauza nini?" Nikamwambia siuzi, natembea. Akaangalia mgongo wangu. "Na huo mfuko ni wa nani?" Nikarudi nilikotoka. Jioni kila mutu anaongea luga yao, mimi naongea na wewe kichwani.

Asomsio haiwezi kunipita. Mwambie Tuyi aniwekee mashavu.

Mudogo wako,
Sylvie


Goma, tarehe 21 mwezi wa saba

Sylvie,

Tuyi amesimama bila kushika kitu. Alisimama katikati ya nyumba, akashangaa mwenyewe, akakaa. Nikatafuta mutu wa kumuonyesha, nikakuta ni mimi tu.

Uko muzima? Hii ni barua ya tatu toka uliponijibu. Zile mbili zingine bado zina alama moja, hazijakufikia. Kila asubuhi namusumbua Bibiche aangalie, mpaka sasa ananijibu hapana kabla sijafungua kinywa. Kama una hasira na mimi, sema. Kama uko mugonjwa, omba mutu akuandikie.

Kikwembe cha ubatizo, kitenge kizuri, nimepata, chako na changu sawasawa, cha bluu. Chako nimekikunja, kiko chini ya muto wangu wa kulalia.

Jioni namuongelea Tuyi mambo ya watu wakubwa. Ananijibu "ba". Jana nilimuuliza kama utafika. Akasema "ba".

Yaya wako


Diani, tarehe 2 mwezi wa nane

Yaya wangu,

Pole, pole sana. Sikuwa mugonjwa na sina hasira. Naandika kwa simu ya Mama Mwanakombo, ndiye aliyenisaidia kukutafuta kwa namba ya Bibiche, na Bibiche akanitumia tena barua zako.

Ilikuwa hivi. Siku moja maji yalikuwa yameenda mbali kabisa, muchanga wazi mpaka kule kwenye mawe. Nikawaza ndivyo bahari ilivyo siku hiyo. Nikaweka sakado kando ya jiwe, kama tunavyoweka nguo kwetu pale ziwani, nikaenda kuangalia samaki wadogo kwenye vidimbwi. Kwetu maji yanalala mahali pake, Yaya. Haya yanatembea. Kurudi, jiwe silioni, na sakado siioni. Simu ilikuwa ndani. Pasipoti ilikuwa ndani. Vijana wa mashua waliingia kunitafutia, walileta sandale moja.

Nilifika Nairobi kuuliza kwenye ubalozi wetu. Karatasi ya kunirudisha itatoka mwezi wa tisa. Basi sitafika siku ya Asomsio. Neno hili nimelibeba tumboni toka siku hiyo, nikakosa namna ya kuliandika.

Sasa natandika vitanda vya wageni, nalala bure. Siku moja nilipika sombe ya majani ya muhogo na bugali, wageni wakaomba tena. Mama Mwanakombo anasema nikae mpaka mwisho wa mwaka, jikoni iwe yangu. Nafsi inataka, halafu nakukumbuka uko peke yako na mutoto, naona haya.

Yaya, amua wewe. Ukisema rudi, nitarudi siku karatasi inatoka. Ukisema baki, nitabaki. Usinifiche kitu.

Mama mudogo wa Tuyi


Goma, tarehe 15 mwezi wa nane

Sylvie mama,

Sasa hivi Tuyi amejipaka poda yote ya Bibiche usoni, na nguo yake nyeupe imekwisha kuvaliwa. Ni macho tu yanaonekana. Nimemupangusa, anacheka, anataka tena.

Habari ya huko? Mguu mwingine umepata sandale? Sisi tuko wazima. Nimekawia kujibu juu ya hasira niliyokuwa nayo, halafu hasira ikaisha ikabaki machozi. Niliandika "rudi". Nikafuta. Niliandika tena, nikafuta, mpaka Bibiche akasema nitamuharibia simu.

Nilienda kumuona padiri, nikamwambia ubatizo usogezwe, mama wa ubatizo maji yamemufungia njia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Akiwa mbali, mwingine anasimama mahali pake na kumushika mutoto. Lakini jina linaloandikwa ni la yule wa mbali." Basi wewe ndiwe, Sylvie. Leo utaandikwa. Bibiche atasimama na kikwembe chako. Amesema atamushika vizuri, ila mutoto akimukojolea, wewe ndiye utafua.

Na jibu langu ni hili: baki. Sikufichi, si hilo nilitaka kuandika. Nataka uwe hapa hata sasa, unisaidie kufunga vifungo vya mgongoni, mikono yangu haifiki. Lakini ukirudi juu ya machozi yangu, utakaa hapa kila siku ukiangalia njia, na mimi nitakuwa nimekuita bure. Pika sombe yao. Mwisho wa mwaka utajiuliza mwenyewe.

Usiwaze niko peke yangu. Wamama wa shirika wamejaa parseli toka asubuhi, wanasonga bugali wakigombana juu ya pilipili. Zéphirin amefunga maua kwenye moto yake. Wakitoka jioni nyumba itakuwa kimya, lakini kimya nimekwisha kukizoea kidogo.

Bibiche ananiita, anasema kengele ya pili imelia, nilete mutoto na nilete simu yake. Nakuja. Sylvie, nilitaka tu uelewe, nimesema baki, lakini siku utasikia mwenyewe moyoni kurudi, usingoje kwanza nikuandikie, wewe uje tu, hata bila kupiga simu, kwa kuwa mimi hapa kila jioni bado nakungoja, na—