Jedwali la Ng'ombe Linakimbia Tena, Mzee Ouma

Mzee Ouma,

Kompyuta yako ilikufa wiki saba baada yako. Asubuhi moja niliiwasha, ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Nilikaa mbele yake koti langu likiwa bado mwilini, nikahisi kama nimefiwa mara ya pili. Usinicheke. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiipangusa vumbi kwa leso yako ya kanisani.

Nimechelewa kukuandikia. Mwanzoni sikuwa na la kukuambia ila kilio, na wewe hukupenda mtu alie ofisini. Sasa nina habari, tena habari ya kujivunia. Wacha nikueleze ilivyokuwa tangu mwanzo.

Ushirika ulinunua kompyuta mpya yenye programu mpya. Kazi yako yote ilikuwa salama, kwa sababu ulinizoesha kunakili faili kila Ijumaa hata nikiwa na haraka ya kwenda nyumbani. Tukalihamisha jedwali la ng'ombe, lile ulilolijenga mstari kwa mstari: kila ng'ombe wa kila mwanachama, jina lake, mamake, fahali aliyemzaa, siku aliyopandishwa mwisho. Pamoja nalo zikahamia makro zako, yale maagizo uliyoyaandika kwa miaka mingi ili mashine itupangie kazi yenyewe. Fundi aliyetoka Nairobi kutuwekea mitambo alisema sasa kila kitu kitakwenda mbio kuliko zamani. Nikamwamini.

Kesho yake saa moja asubuhi niliingiza majina ya wakulima waliopiga simu kusema ng'ombe wao wako kwa joto, tayari kupandishwa, nikabonyeza kitufe cha kupanga kazi. Unajua ilivyokuwa siku zako. Dakika tano, orodha imetoka, kila mpandishaji amechukua karatasi yake, amefunga mtungi wa mbegu ya fahali kwenye pikipiki, huyo ameenda. Siku hiyo dakika tano zilipita. Zikapita ishirini. Kioo cha kompyuta kikawa cheupe. Wapandishaji wakaanza kuchungulia mlangoni. Nikadhani mashine imekwama, nikaizima, nikaanza upya, nikaizima tena, nikaanza tena. Orodha ilitoka saa nne na nusu.

Ikawa hivyo siku baada ya siku, wiki tano nzima. Nilijifunza kutoizima, nikagundua kwamba ukiiacha inamaliza, ila inachukua saa moja na dakika ishirini. Na wewe ndiye ulinifundisha kwamba joto la ng'ombe halingoji mkutano wala likizo. Aliyeonekana jioni anatakiwa kupandishwa asubuhi. Akipitwa, mkulima arudi kungoja wiki tatu nyingine.

Mama Chelagat wa kituo cha Ziwa alipitwa mara mbili. Unamkumbuka, yule mama mrefu aliyekuwa akituletea mursik, yale maziwa ya kuganda ya kibuyuni, kila mkutano wa mwaka, na ng'ombe wake mmoja tu, Neema. Mara ya pili alinipigia simu. "Jerono, mimi nilipiga simu mapema. Wote wawili tunajua nilipiga mapema. Sasa kosa yangu ni gani?" Barnaba, anayehudumia upande wa Ziwa, alikuwa amefika kwake saa nane mchana, na joto lilikuwa limekwisha.

Wapandishaji wakachoka kungoja. Wengine wakaanza kuondoka bila orodha, na hapo ndipo niliogopa kweli. Barnaba huyohuyo alikuwa karibu kumpandisha mtamba wa mkulima mmoja wa Chepsaita kwa mbegu ya fahali aliyemzaa. Babake mwenyewe! Alinipigia simu kuuliza tu kwa sababu moyo ulimkataza. Ile ndiyo kazi ambayo makro yako ilikuwa ikifanya kimyakimya kila asubuhi, kutafuta baba wa kila ng'ombe kabla ya kumpangia mbegu. Miaka yote hiyo hakuna mkulima aliyejua kwamba kuna mtu alikuwa amemkingia balaa.

Meneja wetu mpya, Kiprop, akaitisha mkutano. Si mtu mbaya, Mzee. Ni kijana mwenye haraka, na wakulima walikuwa wamemjia juu. Fundi wa Nairobi alikuwepo. Akafungua makro zako kwenye kioo mbele yetu wote, akatikisa kichwa. "Hii kitu ni ya kizamani sana," akasema. "Mimi nashauri muiondoe hiyo sehemu ya kutafuta baba, ndiyo inawachelewesha. Hakuna mtu ataifahamu saa hii. Hata mwenyewe hayuko."

Hata mwenyewe hayuko. Mzee, nilihisi damu ikinipanda kichwani. Mimi ambaye nilikuja ofisini hapo kupokea simu na kuchemsha chai. Mimi ambaye ulilazimika kuniambia mara tatu jinsi ya kushika kipanya. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mwenyewe hayuko, lakini mimi niko."

Wakanitazama. Nami nikajishangaa. Kiprop akanipa mpaka Ijumaa.

Basi nikaanza. Siku ya kwanza nilibahatisha, naungama. Nilisoma huku na huku mtandaoni, nikaambiwa nizuie kioo kisichoreke upya wakati makro inafanya kazi, na nizuie hesabu zisijirudie kila tarakimu inapobadilika. Nikafanya yote mawili. Nikapata nafuu ya dakika sita. Dakika sita katika saa moja na ushei! Nikaenda nyuma ya ofisi penye tangi la maji, nikasimama hapo na hasira zangu.

Hapo nikakumbuka ile Julai ya baridi, umevaa sweta mbili, unakula njugu na maganda yanaanguka kati ya vitufe, nami nalalamika kwamba mashine imeingiwa na shetani. Wewe ukasema, kwa ule ulimi wako wa Kijaluo, "Kompyuta haina setani, Jerono. Iko na maagizo tu. Usibisane nayo. Ipime." Nikakucheka kwa sababu ya "setani." Ukanikumbusha kwamba mimi nasema "paba" nikitaka kusema "baba." Tukacheka mpaka mhasibu akatoka kuuliza kama tumeshinda bahati nasibu.

Siku ya pili nikapima. Niligawa makro yako vipande vinne, nikaiagiza iandike saa kila inapomaliza kipande. Kipande cha kwanza, sekunde chache. Cha pili, sekunde chache. Cha nne, kuchapisha, sekunde ishirini. Cha tatu, saa moja na zaidi. Ndicho cha kutafuta baba. Kumbe fundi hakukosea mahali. Alikosea dawa.

Nikakisoma kipande hicho neno kwa neno, nikaona. Ulikuwa umeiagiza mashine kwamba kwa kila ng'ombe ianzie juu ya jedwali na kushuka mpaka mstari wa mwisho wa ukurasa. Katika programu ya zamani ukurasa ulikuwa na mistari elfu sitini na tano na kidogo. Nikashuka mwenyewe mpaka chini katika hii mpya, nikahesabu tarakimu kwa kidole. Zaidi ya milioni moja, Mzee. Mara kumi na sita! Ng'ombe wetu ni walewale, lakini mashine masikini ilikuwa inatembea jangwa lote, mstari mtupu baada ya mstari mtupu, ikitafuta ng'ombe mahali ambapo hapajawahi kuwa na ng'ombe, kisha inarudi juu na kuanza tena kwa ajili ya anayefuata. Dakika zako tano ukizizidisha mara kumi na sita unapata saa moja na dakika ishirini kamili. Nilipiga meza kwa furaha mpaka kikombe kikaanguka.

Na furaha ikaniponza. Nilibadilisha agizo moja tu: ukifika kwenye mstari mtupu, simama. Nikabonyeza. Sekunde arobaini! Alhamisi asubuhi wapandishaji walipata orodha zao kabla hata hawajavua kofia za pikipiki. Barnaba akapiga makofi. Kiprop akanipa mkono.

Saa tatu simu zikaanza kulia kutoka Kesses. Daktari, ndivyo wakulima wanavyomwita mpandishaji, hajafika. Daktari yuko wapi. Nikaangalia orodha. Ng'ombe wa Kesses hawakuwemo, hata mmoja.

Nilirudi kwenye makro, na ndipo nikaona mstari ambao nilikuwa nimeupita juu juu. Ulikuwa umetuandikia maelezo kwa Kiswahili, kando ya maagizo, na macho yangu yalikuwa yameyazoea kiasi kwamba hayayasomi tena. Uliandika hivi: "Usisimame ukiona mstari mtupu. Karani anaweza kuruka mstari. Mkulima wake asiumie kwa sababu hiyo."

Karani wa Kesses, ambaye majina yake ndiyo ya mwisho kwenye jedwali, alikuwa ameruka mstari mmoja kabla ya kuyaanza. Mmoja tu. Mashine yangu ikasimama hapo kama nilivyoiambia, na wote waliokuwa chini yake wakapotea.

Mzee, nililia. Ndiyo, ofisini. Utanisamehe. Sikulia kwa aibu peke yake. Nililia kwa sababu ulikuwa umemwona karani huyo miaka mingi kabla hajaajiriwa, ukamwonea huruma, ukamwonea huruma na mkulima wake. Fundi aliona maagizo ya kizamani. Mimi niliona mtu aliyekaa hapo akifikiria watu.

Niliwapigia Kesses mmoja mmoja kuomba radhi. Wapandishaji wawili wakakubali kwenda mbio, wakawahi karibu wote. Kisha nikamwambia Kiprop ukweli, kwamba kosa lilikuwa langu, si la Mzee. Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza tu, "Unaweza?" Nikasema naweza.

Jibu lilikuwa rahisi nilipotulia. Badala ya kuanzia juu na kusimama penye pengo, mashine ianzie chini kabisa ya ukurasa, iruke mara moja kwenda juu mpaka ikutane na ng'ombe wa mwisho aliyeandikwa. Ikishajua wa mwisho yuko mstari gani, ndipo ianze juu na kushuka mpaka kwake, ikiruka mapengo njiani bila kusimama. Mapengo yako yakabaki na heshima yake, na lile jangwa la chini likaachwa. Nikaijaribu kwa orodha za wiki nzima iliyopita, nikalinganisha kwa mkono jina kwa jina, ng'ombe kwa ng'ombe. Hakukosekana hata mmoja. Ijumaa saa moja kasoro nikabonyeza kitufe mbele ya Kiprop na wapandishaji wote. Dakika moja. Kesses wote walikuwemo. Na kila ng'ombe ametafutiwa babake.

Fundi wa Nairobi aliponipigia kuuliza nilifanyaje, nilimweleza pole pole, bila maringo. Sawa, maringo kidogo.

Wiki hiyohiyo Mama Chelagat alipiga simu tena, jioni, kwa wasiwasi. Asubuhi yake Barnaba alikuwa Ziwa kabla maziwa hayajatoka kwa boma. Na jana, Mzee, miezi tisa baadaye, Mama Chelagat ameingia ofisini na gumboti zenye matope, hakubisha hodi, akanikumbatia mbele ya wateja. Neema amezaa. Ndama jike, mweusi, mwenye doa jeupe pajani, na anasimama mwenyewe. Mama akasema, "Huyu mtoto ni wenu wa ofisi." Nikamwambia ni wa Mzee Ouma. Akasema, "Basi Mungu amuweke vizuri."

Ndiyo maana nimekuandikia leo. Nilitaka uyasikie kutoka kwangu.

Desemba familia yako inakufanyia kumbukumbu huko nyumbani Ahero. Mama Ouma amenialika, na Kiprop atatoa gari la ofisi. Siku tuliyokuzika walisoma maisha yako, na kazi yako ya miaka yote ikapita kwa sentensi moja: alikuwa karani wa ushirika wa maziwa, Eldoret. Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu. Nilitaka kusimama, lakini sikuwa na maneno. Wajukuu zako walikuwa hapo mbele wakisikiliza, wakadhani babu yao alikuwa mtu wa kuandika majina kwenye kitabu.

Sasa maneno ninayo. Lala salama, mwalimu wangu, lala bila wasiwasi wa kazi. Nakuahidi kwamba Desemba nitaomba nafasi, nitasimama mbele ya wajukuu wako, na nitawaeleza yote, taratibu, mpaka mdogo wao aelewe ulikuwa nani. Nikitaka kulia, nitalia nikishamaliza.

Ni mimi,
Jerono