Kiberiti Namba Thelathini na Moja

Baba,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitika, lakini ndivyo ulivyonilea, siwezi kuanza bila hiyo.

Nimekasirika. Nimekukasirikia wewe, halafu nimejikasirikia mwenyewe zaidi. Wiki iliyopita nilipeleka viberiti vyako vyote kwa mtaalamu wa wadudu kule Amani, kila kimoja na nondo wako ndani. Alivifungua taratibu, akalinganisha na majina uliyoyabandika, akasema mengi umeyapatia. Kisha akafika namba thelathini na moja. Ni yule mdogo wa kahawia, mwenye mstari wa njano bawani, uliyeshindwa kumpa jina mpaka unaondoka. Akatazama kwa lenzi, akapekua vitabu. "Huyu hata mimi simfahamu. Alipatikana wapi? Lini?"

Kwenye kiberiti hicho kuna namba tu. Mahali na tarehe uliandika kwa penseli kwenye ukuta wa stoo, eti daftari huliwa na panya. Baba jamani! Mwalimu mstaafu mzima, unaandika ukutani!

Na maandishi hayapo tena. Siku ya msiba akina mama wa jumuiya walikuja kuandaa nyumba, wakaniuliza, "Dada, na hii stoo tuipake chokaa? Wageni wa Mlalo watalala wapi?" Nikasema pakeni. Niliona aibu wageni wakute ukuta uliochorwachorwa. Miaka yote uliyotundika shuka jeupe chini ya taa, ukaamka alfajiri kuwawahi nondo kabla ya kuku, nimeifuta kwa ndoo moja. Nimekwangua kwa kijiko mpaka vidole vimevimba. Chokaa inatoka na penseli yake.

Kaka Zakaria anasema mahali niandike Irente tu, nani atajua? Kalamu nilishaishika, Baba. Nikakumbuka ulivyonifokea nikiwa darasa la tano: "Usibuni! Kama hujui, andika hujui." Nikalia kama mtoto.

Shuka lako ninalo. Nitalitundika kila ulikopita mpaka nimpate mwenzake, na nitaandika kwenye daftari. Hao panya nitapambana nao.

Pumzika, Baba. Ndani ya kile kiberiti nimeweka kikaratasi, kwa mwandiko wangu: "Mahali: hapajulikani. Tarehe: haijulikani. Aliyefuta: binti yake."