Hakunibishia Hata Mara Moja

Greenbelt, Jumapili ya pili ya Septemba. Joto, mawingu mazito, mvua inatishia tangu asubuhi na hainyeshi.

Shajara yangu, leo sina raha, na nakuambia mapema kabla sijajidanganya kwamba ni hali ya hewa.

Zimebaki siku tisa dirisha la maombi lifungwe. Kwa atakayekufungua siku moja bila kunijua: nina miaka ishirini na tisa, siku za wiki nahudumia panya kwenye maabara ya utafiti, Jumamosi nashika mbwa wanaochomwa sindano kwenye kliniki moja huku Maryland, na naomba kusoma shahada mbili kwa mpigo, udaktari wa mifugo na uzamivu wa utafiti. Kila chuo kinachukua watu wachache mno, wawili, watatu, na wakikuchukua wanakusomesha wao. Mwaka jana niliomba nikakosa kila mahali. Nikikosa na safari hii, basi. Nimeshamwambia mama hivyo, na mama hakunibembeleza.

Barua za mapendekezo zinatakiwa tatu, na moja lazima itoke kwa daktari wa mifugo aliyewahi kufanya kazi na mimi. Nilimwomba Daktari Semkiwa. Ndiye aliyenipokea Korogwe nikiwa mwanafunzi wa stashahada, miezi sita ya mafunzo, mimi nyuma ya pikipiki yake na boksi la dawa mapajani, tukizunguka kwa wafugaji. Sasa amestaafu na macho hayamsaidii sana. Ijumaa alipanda gari mpaka mjini, akakaa steshenari akimsomea dada wa kompyuta neno kwa neno, akapiga mhuri wake wa zambarau, barua ikaingizwa kwenye mfumo.

Halafu akanitumia nakala kwenye simu.

Huku hilo halifanyiki. Kwenye fomu nilitia alama kwamba naacha haki ya kuisoma barua, ili watakaoisoma waamini kwamba mwandishi alikuwa huru. Lakini Daktari ni mtu wa kwetu. Kwake yeye, kumsifu mtu halafu mwenyewe asijue ni uchoyo. Akaniwekea na ujumbe wa sauti: "Binti yangu, kazi nimeifanya. Nimewaeleza ulivyolelewa."

Amewaeleza kweli, ukurasa mzima. Mpole, mwenye adabu, anawahi kazini, anawaamkia wafugaji kwa heshima, hajibizani na wakubwa. Na mstari wa mwisho, juu kidogo ya mhuri: katika miezi sita hakunibishia hata mara moja.

Nilimwonyesha Nafula, Mkenya ninayepanga naye nyumba. Ni nesi, na hana subira na upuuzi. Aliisoma amesimama, kikombe cha chai mkononi. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Rehema, hii si recommendation, hii ni barua ya posa," akasema. "Hao watu wanataka mtu wa kuwachallenge, si wife material."

Nikamwuliza kama inaweza kuondolewa. Tukatafuta pamoja kwenye maelezo ya mfumo, yeye akisoma kwa sauti. Haiondoki. Barua ikishaingia imeingia.

Ningekuwa na hasira ningepata nafuu. Sina. Mzee wa watu ametoa kilicho bora kabisa alichonacho. Alikotoka yeye, na nilikotoka mimi, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo unayoweza kumpa mtoto wa mwenzio. Lakini jana nililia bafuni, na sikulia kwa sababu barua itaniharibia.

Nililia kwa sababu ni kweli.

Chuo ninachokitaka kuliko vyote kina swali lake la ziada: eleza mara moja ulipotofautiana na aliye juu yako kikazi, na ulifanya nini. Wiki mbili sasa kisanduku cha jibu kwenye fomu ni kitupu. Nafula anadhani nimekosa muda. Sikumwambia kwamba kisa ninacho, ila ni cha aibu.

Mwezi wa nne wa mafunzo tuliitwa kwa mama mmoja mfugaji. Ndama wake walikuwa wanakohoa, wamezubaa, wana homa kali. Daktari akasema ni homa ya mapafu, akawachoma dawa ya homa ya mapafu. Mimi nilikuwa nimewapapasa tezi chini ya masikio, zimevimba. Daktari alipokwenda kunawa mikono nikavuta majimaji kidogo kwa sindano, na jioni nikayapaka kwenye kipande cha kioo na kuyaangalia kwa hadubini ya ofisini. Vijidudu vya ndigana kali vilikuwa wazi kabisa ndani ya seli. Ndigana inaletwa na kupe, na dawa yake ni nyingine. Dawa hiyo ilikuwepo kabatini.

Nikakiviringisha kile kipande cha kioo kwenye karatasi laini, nikakitia mfuko wa koti, nimwambie asubuhi. Asubuhi palikuwa na wageni wawili ofisini, nikaona nitamwaibisha. Mchana alionekana amechoka. Kesho yake nikaanza kujiambia kwamba labda mimi ndiye nimekosea, mwanafunzi gani anamsahihisha mtu aliyekuwa kazini tangu yeye hajazaliwa. Siku ya nne tuliporudi, ndama saba walikuwa wamekufa. Yule mama alitushukuru kwa kuja. Akatufungia na kuku.

Kioo kilikuwa bado mfukoni.

Ndiyo sababu nataka utafiti. Yule mbuzi wa babu niliyempenda utotoni, ambaye nimemwandika kwenye insha yangu ya maombi kwa maneno matamu, ni pambo tu. Nataka kazi ambayo ukiona kitu unalazimika kukisema, kwa sababu peke yangu, bila kulazimishwa, sikuweza.

Sasa nifanyeje? Nikitunga kisa cha ushujaa, barua ya Daktari itaniumbua. Nikisema kweli, namwanika mzee aliyesafiri kwenda kunisifu, mbele ya watu walio na jina lake na mhuri wake mezani. Nikiacha kisanduku kitupu, maombi hayapokelewi. Leo nimezunguka ziwa mara mbili nikiliwaza hilo, nimerudi na fulana imelowa jasho.

Saa tano asubuhi nikampigia. Kwao jua linazama saa hizo, ameshapumzika. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakachosema: kwamba kuna jambo la wale ndama, kwamba naomba ruhusa yake nilisimulie. Nikamwamkia, akaitikia kwa furaha. Akaniuliza afya, akamuulizia mama, akaniambia nakala ya barua ameiweka kwenye fremu sebuleni, maana mimi ndiye mwanafunzi wake wa kwanza kufika huku. Kisha akauliza:

"Imekufaa, binti yangu?"

"Imenifaa sana, Daktari. Asante."

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu muda wote.

Nimekaa hapa dirishani tangu nilipokata simu. Nimekifungua kile kisanduku na kuandika sentensi moja: nilikuwa na jibu mfukoni, nikanyamaza. Nafula amepita nyuma yangu, amesoma, amekwenda jikoni na kuniletea chai. Mvua bado haijanyesha.

Ile sentensi sijaifuta. Sijaiendeleza pia.

Miaka minane nimeshindwa kumbishia mtu mmoja. Siku tisa zitanifundisha nini?