Mama Anasema Mimi Ni Roboti

Nyumbani kwetu,
Chumba cha mbele,
Jumanne, mchana.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na wale watoto wenu wenye fujo, hawajambo? Mgongo wako je, bado unakusumbua, au umeshaacha kubeba mizigo ya watu kama punda? Nakujua, utasema umepona hata ukiwa umelala chali huwezi kugeuka. Mimi kwa mwili ni mzima. Kwa moyo, mdogo wangu, naogopa. Naandika huku sikio liko chumbani kwa Mama, na kitanda chake kikilia tu nasimama.

Utashangaa mbona barua, enzi hizi za simu. Vuta subira, sababu utaikuta humu humu.

Unaijua kazi yangu ya kutia sauti kwenye vipindi vya kigeni vya televisheni. Nyie mlioniita Kasuku tangu utotoni mlinitabiria. Sasa kuna tamthilia ya mambo ya anga na miaka ijayo, nami nilipewa sauti ya roboti wa kike, amefanana na mtu mpaka kucha. Kipindi kimoja hakina vita wala milipuko, kinamfuata tu siku nzima. Anapiga pasi. Anamwagilia maua. Anamsalimia fundi cherehani wa jirani, anamuuliza kwa nini watu hucheka pasipo kichekesho. Kisha anamlisha bibi mmoja mgonjwa, ambaye anadhani huyo ni binti yake wa kumzaa. Binti mwenyewe yuko mbali, amelazwa usingizi ndani ya sanduku la kioo, safarini kwenda sayari nyingine. Bibi hajui, na kipindi kinakwisha hajui.

Hapo pa kulisha ndipo palipotuponza. Maneno yaliyotafsiriwa yalikuwa marefu, roboti ameshafunga mdomo mimi bado naongea. Tukarudia weee, mpaka fundi wa sauti akavua hedifoni akajishika kichwa. Msimamizi akasema, "Kasuku, sema chochote kinachomwenea mdomoni, twende zetu nyumbani." Basi nikasema lile ninalomwambia Mama kila siku nikimlisha: "Kimoja tu, mamangu. Cha mwisho, halafu nakuacha." Likamwenea kama nguo ya kupimwa. Studio nzima ikapiga makofi.

Siku ya kuonyeshwa nilimketisha Mama mbele ya televisheni, naringa kweli kweli. Unajua kumbukumbu zake zinavyokwenda na kurudi, lakini sauti yangu haijawahi kumpotea. Alitulia vizuri. Roboti akainua kijiko, akasema, "Kimoja tu, mamangu." Mama akageuka akanitazama. Akaitazama televisheni, akanitazama tena. Halafu akasogea taratibu hadi mwisho wa kochi, mbali nami. Mimi nilicheka, mdogo wangu. Nilidhani ananitania.

Asubuhi yake nilimpelekea chai, akanishukuru kwa adabu kama unavyomshukuru karani wa ofisini. Kisha akaniuliza, "Mwanangu mmempeleka wapi?" Nikamwambia Mama, ndiye mimi. Akatikisa kichwa. "Sauti ni yake. Sauti mmeichukua yote." Nikatoka mbio hadi jikoni.

Sikuacha jambo. Nilimwonyesha picha, nikamwimbia, nikalia mbele yake. Akasema eti hata machozi siku hizi wanatengeneza. Nikamleta yule fundi wa sauti amweleze mambo ya studio. Mama alimsikiliza kwa makini hadi mwisho, kisha akanigeukia kwa huruma: "Kumbe huyu ndiye aliyekuunda. Kijana wa watu, mbona amekonda hivi?" Cheka tu, hata mimi ningecheka kama yasingekuwa yamenifika shingoni.

Maana alianza kukonda yeye. Sahani zilirudi jikoni tupu, nami nikidhani anakula, kumbe mwili unayeyuka. Siku moja nikasikia harufu kabatini kwake. Nilikuta wali, vipande vya mkate, yai la kuchemsha, vyote vimefungwa kwa kitambaa chake cha kichwa na kufichwa nyuma ya mablanketi. Nikamuuliza ni nini hiki. Unamkumbuka alivyokuwa mpishi wa shule, mtoto wa mtu hatoki jikoni kwake na njaa? Alinijibu kwa sauti ile ile ya jikoni: "Sikukatazi kukaa hapa. Fanya kazi uliyotumwa. Lakini hicho ni cha mwanangu. Yumo kwenye lile sanduku la kioo na hajala, na tangu mdogo hawezi kulala na njaa."

Nilikaa chini sakafuni nikalia kama mtoto. Mama anakufa na njaa kwa ajili yangu, na mimi nimesimama mbele yake nimeshika sahani!

Daktari amempima. Anasema akiendelea hivi atalazwa, alishwe kwa mpira wa puani. Hebu fikiri, mipira, waya na mashine zinazolia pembeni, mtu mwenye hofu kama yake. Atajua sasa ni zamu yake kugeuzwa. Moyo wake hautastahimili, na daktari mwenyewe hakunificha.

Basi nikafanya la mwendawazimu. Nilitoka kwa mlango wa jikoni, nikabadilisha nguo kwa jirani, nikaja kugonga mlango wa mbele. Sikusema neno. Mama akafungua, akanishika mabega, akaninusa kisogoni vile alivyokuwa akitunusa tukitoka kucheza. Akaniambia, "Umerudi." Akanivuta ndani akanilisha kwa mkono wake, na yeye akala. Alikula, mdogo wangu! Mimi nilitafuna tu na kuitikia kwa kichwa, maana ningefungua mdomo kusema ningemfukuza mwanawe tena.

Tangu hapo nina watu wawili ndani yangu. Asubuhi ni mashine, ninafua, ninafagia, ninasalimiwa kwa adabu. Jioni ni mtoto bubu anayegonga mlango. Usiniulize yupi ndiye dada yako, siku nyingine nikiwa napiga pasi peke yangu nakosa jibu, na hilo nalo linanitisha.

Jana jioni alininong'oneza akiwa amenishika mkono kwa nguvu: "Usiogope, mwanangu. Kesho ile mashine ikiniletea chai naimwagia maji ya moto. Mashine haiwezi maji." Alisema kwa upendo mtupu, mdogo wangu. Nikaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Birika nimelipeleka kwa jirani, na asubuhi hii nilimwekea chai ya vuguvugu mlangoni nikarudi nyuma upesi. Namwogopa mama yangu mzazi. Sijawahi kuliandika jambo baya kama hili.

Sasa kuhusu Jumapili, ulipopiga simu naye akakukatia. Najua uliumia, na ujumbe wako wa hasira niliusoma. Hakukukataa. Alisikia sauti bila mtu, basi, kwake yeye sauti bila mtu ni wewe umeshachukuliwa. Aliishika ile simu kama kitu kilichokufa, akasema, "Na mdogo wake pia." Ndiyo maana sikupigi. Ukinipigia tukaongea, atasikia mashine mbili zinapanga njama.

Njoo, mdogo wangu. Usitume fedha, usitume dawa, usitume mtu. Waombe ruhusa kazini, wakikunyima uje hivyo hivyo. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na aliyezaliwa nami ni wewe peke yako. Ukifika pitia kwa jirani kwanza, nikueleze jinsi ya kuingia.

Msalimie sana wifi, na umwombe radhi kwa niaba yangu nikikutoa nyumbani ghafla. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawapenda hata asiposikika. Mjomba fundi saa mkionana mpe salamu, ila habari hizi usimpe, atazitangaza mtaa mzima. Mungu akutangulie njiani, akufikishe ukiwa mzima, na utukute sisi sote tungali hai.

Nilitaka kufunga hapa, lakini lazima ulijue na hili. Tangu Jumapili, hata jioni nikija kama mtoto wake, Mama hali tena. Anaigawa sahani yake mafungu mawili. Moja ananisukumia mimi. La pili analifunga kwenye kitambaa, anasema ni la mdogo wangu. Halafu anakaa kutazama mlango.

Dada yako akupendaye na anayekungoja,
Kasuku