Basi Lisilobeba Abiria

Musoma

Mama Magesa, mke wangu,

Hujambo? Goti je, bado linauma, au linaumaga siku za palizi tu? Mimi mzima, meno yaliyobaki yanatosha dagaa. Tangu dizeli iadimike, Butiama imekuwa mbali kama Ulaya, ndiyo maana hunioni.

Nasikia umetangaza kanisani kwamba mumeo anaunga mabasi kiwandani. Mimi ni mlinzi, mama. Ile kitu inaitwa baskapla, na hata mimi nilikuwaga nangoja nione basi. Fundi Masatu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, hili basi halina konda."

Ni hivi. Kuna vyuma viwili virefu vya shaba, ndivyo wanaviita basi. Kila kimoja kina transfoma yake na kinagawa umeme kwa mashine zake. Katikati kuna swichi kubwa, ndiyo kapla. Siku za kawaida haiungi kitu, kila upande unajitegemea, kama wewe na dada yangu Wakuru tangu mnuniane kwa ajili ya yule kuku.

Juzi transfoma moja ikafa, nusu ya kiwanda giza. Nikasema, "Masatu, si uunge upesi?"

"Tulia, mzee. Kwanza naitenga hii iliyokufa. Halafu napima chuma. Ubovu ukiwa kwenye chuma, nikiunga tunaingia giza wote."

Akapima, kizima. Akapunguza mashine, maana transfoma moja haibebi mzigo wote, ndipo akaunga kapla. Upande wa pili ukaamka.

Sasa sikia. Magesa ameniandikia kwamba mihogo ya Wakuru imeoza shambani, shangazi yake huyo na wajukuu wanalala njaa, na anaona haya kukuomba. Wakuru hana ubovu, mke wangu. Kilichokufa ni shamba lake. Ghala lako halitashibisha nyumba mbili, najua, kwa hiyo punguza mashine: anza na pombe ya kaka zako wa Bunda, wanakunywaga kama mchanga.

Msalimie mwanetu Magesa. Mama mkwe mwambie nampenda, hata akikunja uso. Katekista msalimie, ila asiniombe siti.

Wakuru usimpe salamu zangu. Nimeshamwandikia kwamba wewe ndiye umemwita, Jumapili hii baada ya ibada, mle chungu kimoja mpaka mavuno. Akitokea na wajukuu wake, sema karibu. Matusi yangu nitumie kwa posta.

Ni mimi, mzee wako asiyefundishika,
Baba Magesa