Kijiwe cha Magofuni

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Babu yako hajambo, ila mimi nakaa nikiinuka tangu uniulize umwambie nini mwenzenu wa matembezi aliyeokota kijiwe kwenye magofu ya Wamaya, huko ng'ambo mliko, na kesho msafara wenu unaondoka.

Nilipokuwa msichana, kundi letu la kijijini Munje lilikwenda kuzuru msitu wa kaya, mahali patakatifu pa wazee wetu, ambamo hakitolewi hata kijiti. Tukitoka, shoga yangu Mwanasha alikuwa na ukuni kwapani. Ni mazoea tu ya mkono uliozoea kuokota kuni. Mzee mlinzi akauona. Mbega nao wakitutazama kutoka mitini. Mwanasha alitaka kuurudisha, lakini aliona haya kwenda peke yake. Nikamshika mkono, tukarudi pamoja.

Basi leo hii, usimwambie, "Rudisha." Mwambie, "Twende."

Bibi yako