Pipa la Senene

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Kuchambua senene, panzi wetu wa msimu, tangu asubuhi. Mabawa, miguu. Mwanangu Koku anawala wangali moto. Amejifungua mwezi uliopita, yuko kwangu hapa Kanazi atunzwe. Zamani mwanamke alichambua tu, wakala wanaume. Nafurahi hayo yamepita. Senene wa mwaka huu wana mafuta hasa. Nilipowakaanga sikuongeza hata tone.

Jumanne, 12 Novemba
Nimekwenda kusuuza pipa la kutegea senene. Mume wangu, Ta Laurian, alilinunua Muleba, limeshatumika. Jua lilikuwa limelipasha, likatoa harufu. Naijua. Dawa ya kupulizia kahawa. Lebo imebanduliwa, alama ya fuvu imebaki nusu. Na senene wa pipa hili tumewala tangu Ijumaa.

Jumatano, 13 Novemba
Nilifundisha baiolojia hadi kustaafu. Leo najuta kuijua. Baadhi ya sumu hizi haziyeyuki vizuri katika maji, hupenda mafuta. Huingia katika mafuta ya senene, kisha katika mafuta ya mlaji, zikakaa humo. Huchochea kitu kama kutu: seli huliwa polepole, kama bati. Na mama anyonyeshaye, sehemu ya mafuta yake huenda kwenye maziwa.
Hapo nakwama. Sijamwambia Koku. Kila akimpakata mtoto, nageuka.

Alhamisi, 14 Novemba
Nimemwambia. Akacheka: “Mama, wewe na baiolojia yako! Basi nimpe nini, chai?” Kisha akamtoa mtoto kwenye titi. Mtoto amelia mpaka sauti ikakauka.
Ta Laurian anasema, “Nililiosha kwa sabuni, mama Koku.” Sabuni! Plastiki ilishainywa dawa. Nimemfokea. Naogopa, ndiyo maana.

Ijumaa, 15 Novemba
Hospitali, Bukoba mjini. Daktari aliuliza: kutapika, kutetemeka, mtoto kulegea? Hakuna. Kipimo cha sumu kwenye maziwa? Hapa hakuna. Akasema mtoto arudi kunyonya leo hii, maziwa ya mama bado yanamfaa kuliko yote. Senene hao basi. Na Koku asijikondeshe sasa, maana mafuta yakipungua ghafla huachia sumu yaliyoificha.
Daktari namwamini. Hofu haijanitoka.

Jumapili, 17 Novemba
Baada ya misa nimelitoboa pipa kwa shoka, lisije likatiwa hata maji ya mbuzi. Senene waliobaki tumewafukia mbali na migomba. Ta Laurian ndiye aliyechimba.
Koku yuko barazani. Mtoto ananyonya. Namsikia anavyomeza.